Bundi Mdogo wa Arabuko-Sokoke

SWALI: Mhariri, mwezi ujao nitazuru Msitu wa Arabuko-Sokoke, Kaunti ya Kilifi, nikitumaini kumwona bundi mdogo anayesifika huko. Nifanye nini ili nisimsumbue? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, bundi huyo mwenye urefu wa takriban sentimita 17, ambaye wanasayansi walimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1966, anajulikana katika misitu michache tu ya pwani ya Kenya na sehemu za chini za Usambara Mashariki, Tanzania, kwa hiyo unastahili pongezi kwa kuuliza kabla ya kwenda. Mchana hulala ndani ya vichaka vizito vya eneo la udongo mwekundu, akitegemea rangi yake ya kijivu, kahawia au kutu kumficha.

Nenda na mwongozaji wa msituni, mkiwa wachache, na mtazame kwa darubini mkiwa mbali. Akijinyoosha akawa mwembamba, au akikodoa macho kuwaelekea, tayari ameingiwa na hofu. Rudini nyuma taratibu.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni kutocheza sauti yake kutoka kwenye simu. Dume huamini kwamba mpinzani amevamia eneo lake, akaacha kuwinda ili ajibu, na wageni wanaofuatana wakirudia hivyo kila jioni, ndege huyo hupoteza saa anazozihitaji kujilisha. Usitumie mwanga wa kamera wala kummulika kwa tochi machoni, na uondoke baada ya dakika chache hata kama picha haijakuridhisha.