Dodoma jasho linakutoka, ila hulioni

Mtoa mada, umesema umehamia Dodoma kutoka Tanga, sasa ni wiki ya tatu. Jua la mchana ni kali lakini shati linabaki kavu, jioni kichwa kinagonga, midomo imepasuka, na mara mbili umeamka na damu puani. Mdau mmoja hapo juu kasema ni presha, mwingine kasema mji uko juu mno, hewa nyepesi. Naomba nijibu kwa kirefu, kwa sababu hayo yote yalinipata mwaka 2011 nilipopangiwa kufundisha Baiolojia huku nikitokea Pangani, na yalinitisha kwelikweli.

Presha nenda kapime, haikuchukui muda. Habari ya mwinuko iache: Dodoma mjini tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na wanaougua kwa sababu ya mwinuko kwa kawaida huanzia mita 2,500 na kuendelea. Kinachokusumbua ni ukavu wa hewa. Mvua huku ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka mzima haifiki hata nusu ya ile mliyozoea Tanga. Ukifika Agosti na Septemba, upepo unavuma kutwa na hewa ina kiu.

Sasa, jasho linakutoka. Mwili hauna njia nyingine ya maana ya kubaki kwenye nyuzi 37 ukiwa juani. Una tezi za jasho kati ya milioni mbili na nne, na zinafanya kazi hapa kama zilivyofanya Tanga. Ila Tanga hewa tayari imejaa unyevu, jasho halina pa kwenda, linabaki mgongoni na kuchuruzika. Dodoma likichomoza tu hewa inalinywa. Ngozi inabaki kavu, nawe unadhani hujapoteza kitu.

Mimi nililielewa hili kwa mtungi. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa na mtungi wa udongo kibarazani, na maji yake yalikuwa baridi kiasi cha kuuma meno. Siku moja nikaazima kipimajoto cha maabara: maji ya ndoo ya plastiki nyuzi 27, ya mtungini nyuzi 20, vyote vimekaa kivuli kimoja. Nyumbani Pangani mtungi tulikuwa nao, lakini haukuwahi kupoza namna ile. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo sana, maji yanapenya taratibu hadi nje, yanageuka mvuke, na kila tone linaloondoka linaondoka na joto la maji yaliyobaki. Hewa ikiwa kavu kazi inakwenda haraka. Ikiwa na unyevu kama ya pwani, inakwenda kwa kusuasua.

Basi mwaka uliofuata, kwa nia njema kabisa, mama yule akaupaka mtungi rangi ya mafuta, kijani, upendeze wageni wakija. Haukupoza tena. Akadhani umerogwa! Tulipokwangua rangi na kuusugua kwa mchanga, ukarudi polepole. Nimelitumia tukio hilo darasani kila mwaka tangu hapo, maana linaeleza ngozi kuliko mchoro wowote wa kitabuni.

Na kuna jambo jingine ukiutazama mtungi kwa karibu. Nje, chini kidogo ya shingo, unajenga utando mweupe kama unga. Maji ya visima vingi huku yana chumvi. Maji yanakwenda na upepo, chumvi inabaki. Sasa vua shati lako jeusi jioni ukaangalie kola na kwapani. Mistari ile myeupe ndiyo ushahidi wa jasho ambalo hukuliona. Lita moja ya jasho ikikauka mwilini inaondoka na joto la kutosha kuchemsha karibu lita 7 za maji kutoka nyuzi 20. Na mtu anayefanya kazi ngumu juani anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja.

Hapo ndipo kichwa kinapoingia. Nilikwenda Hombolo kumsaidia rafiki kuvuna zabibu mwezi Agosti, asubuhi hadi saa nane, na nilikunywa chai tu na vikombe viwili vya maji kwa sababu sikusikia kiu wala kuloa. Kufika saa tisa naona giza nikiinuka, kichwa kinapasuka, na nilipokwenda haja ndogo mkojo ulikuwa rangi ya chai ya rangi. Mzee wa shamba alinikalisha chini ya mbuyu, akanipa maji kidogo kidogo yenye sukari na chembe ya chumvi. Hakusoma fiziolojia, lakini alikuwa sahihi: utumbo una milango inayopitisha sukari na chumvi pamoja, na maji hufuata nyuma yake. Kipimo cha nyumbani kinachofundishwa ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazisha. Usizidishe chumvi. Kwa siku za kawaida maji matupu na chakula chako vinatosha. Mimi naangalia mkojo wa saa sita mchana: ukiwa wa njano nzito, nimechelewa.

Damu puani ni hewa ileile. Pua ina kazi ya kuipasha joto na kuilowesha kila pumzi kabla haijafika mapafuni, na huku inafanya kazi hiyo usiku kucha. Utando wa ndani unakauka, unapasuka, na pale mbele, kwenye ukuta unaogawa matundu mawili, vishipa vingi vya damu vinakutana karibu kabisa na uso wa utando huo. Ukichokonoa kidogo tu, imetoka. Tafadhali usiinamishe kichwa nyuma kama tulivyofundishwa utotoni. Damu inaingia tumboni na unaishia kutapika. Kaa, inama mbele, bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia kuchungulia, pumua kwa mdomo. Usiku paka mafuta ya mgando kiasi kidogo sana kwenye mlango wa pua. Ikipita nusu saa haijakata, au ukiwa umegonga kichwa, au unatumia dawa za kuyeyusha damu, nenda hospitali bila kusubiri.

Midomo: mafuta, na uache kuilamba. Mate nayo yanakauka na kuiacha kavu zaidi.

Mtungi tafuta usiopakwa chochote. Ujaze, uuache kivulini panapopita upepo, kesho yake upapase ubavuni. Ukiwa na unyevunyevu mkononi, huo ndio wenyewe. Sugua nje ule weupe kila baada ya wiki chache ili vitundu visizibe. Ukifanya haya wiki mbili na damu bado inatoka, kamwone daktari aitazame pua yenyewe, kisha urudi hapa utueleze.