Tiketi Ninayo, Kiti Sina

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mkazi wa Chumbageni, Tanga. Mwezi uliopita nilimsindikiza mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, aliyekuwa akienda Muscat kumwona dada yangu ambaye amejifungua. Tulitoka stendi ya Kange alfajiri, tukafika Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, zikiwa zimesalia saa 4 kabla ya ndege kuondoka. Kwenye kaunta tuliambiwa kwamba ndege imejaa na kwamba mama atasafiri kesho yake. Akapewa karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza, akaambiwa, "Weka sahihi hapa, mama, ni utaratibu tu." Akasaini, kikapu cha machungwa ya Muheza kikiwa mapajani. Tulilala kwa shemeji yangu Kipawa, na teksi tulilipa wenyewe. Nilipoandika kudai fidia nilijibiwa kwamba mama aliacha kiti chake kwa hiari. Inawezekanaje mtu mwenye tiketi iliyolipiwa akose kiti? Na je, ndiyo tumekwisha kupoteza haki?
Msomaji, Chumbageni

JIBU: Marahaba, mwanangu, na umfikishie mama pole zetu. Ile karatasi ndiyo iliyowafunga, nami nitaifikia; kwanza tuone jinsi mwenye tiketi anavyoweza kukosa kiti.

Mashirika mengi ya ndege huuza tiketi kupita idadi ya viti kwa makusudi, kwa sababu yanajua kuwa kila safari huwa na watu wasiotokea. Tuchukue mfano wa ndege yenye viti 180: ikiwa mazoea yanaonyesha kuwa watu 8 hivi hawafiki, shirika linaweza kuuza tiketi 186, na siku ambayo wote wanatokea, watu 6 wanabaki uwanjani. Nchi nyingi hazikatazi biashara hiyo. Sisi tunaosafiri kwa basi tunaijua aibu ya kukuta tiketi mbili za kiti kimoja, lakini kwenye basi kosa hilo huitwa kosa, ilhali kwenye ndege limo ndani ya hesabu. Kwa kuwa faida ya hesabu hiyo ni ya shirika, naona ni haki kabisa hasara yake nayo iwe ya shirika, wala si ya bibi wa miaka 71.

Mnamo 1972 mtetezi wa walaji wa Marekani, Ralph Nader, aliachwa na ndege ingawa alikuwa na tiketi halali, akashitaki, na shauri lake likafika Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwaka 1976. Wakati huo, mwanauchumi Julian Simon alikuwa amekwisha kupendekeza kwamba shirika liwaulize abiria wenyewe ni nani yuko tayari kusubiri na kwa malipo gani, na lipandishe dau mpaka wapatikane wa kutosha. Wazo hilo lilidharauliwa kwa miaka, kisha likaingizwa katika kanuni za Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Ndipo ilipopatikana tofauti kati ya msafiri aliyekubali kuacha kiti na msafiri aliyekataliwa kupanda.

Hiari, kwa maana hiyo, ni mapatano: mmoja anatoa kiti, mwingine anatoa kitu. Mama yako hakuulizwa, hakutajiwa dau, na hakupewa chochote isipokuwa safari ileile aliyokwisha kuilipia. Kwa hiyo liandikieni shirika barua ya pili, mlitake lieleze alipewa nini badala ya kiti, nani alimfafanulia karatasi ile na kwa lugha gani. Ambatisheni nakala ya tiketi, risiti ya teksi, na maelezo yako wewe uliyekuwapo. Wasipojibu, au wakijibu kwa mkato, pelekeni malalamiko kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ambayo ndiyo mdhibiti wa sekta hii. Lipo pia baraza la ushauri linalowatetea watumiaji wa huduma za usafiri wa anga.

Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa 1999, unaolibebesha shirika hasara itokanayo na ucheleweshaji, na muda wa kufungua shauri chini yake ni miaka 2. Sitawaficha kwamba mahakama za nchi mbalimbali zimetofautiana kuhusu kama kuachwa kwa kukosa kiti ni ucheleweshaji au ni kuvunja mkataba wa safari. Kwa sababu hiyo, barua yenu idai yote mawili.

Safari nyingine, mtu wa kaunta akikuletea karatasi, omba akusomee kwa Kiswahili. Akisema ni utaratibu tu, andika kwa mkono wako juu ya sahihi: "Sikuacha kiti kwa hiari." Kisha piga picha.

SWALI: Nilikuwa nikirudi Tanga kutoka masomoni Ujerumani, Machi mwaka jana, nikaachwa Frankfurt kwa sababu ndege ilijaa. Nilifika Dar es Salaam baada ya siku nzima. Shirika, ambalo si la Ulaya, limenipa vocha ya safari nyingine badala ya fedha. Niikubali?
Msomaji, Ngamiani

JIBU: Usiikubali kabla ya kusoma hapa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inamlinda kila anayeondoka katika uwanja wa nchi za Umoja huo, liwe shirika la Ulaya au la kwingine. Kwa safari inayozidi kilomita 3,500, kama yako, fidia ya aliyekataliwa kupanda bila ridhaa yake ni euro 600, mbali na chakula na malazi ya kusubiria. Fidia hiyo hulipwa kwa fedha. Vocha inafaa tu iwapo wewe mwenyewe umeridhia kwa sahihi. Nchini Ujerumani madai ya namna hii yana muda wa miaka 3, unaoanza kuhesabiwa mwisho wa mwaka uliosafiri, kwa hiyo bado hujachelewa. Rudisha vocha ikiwa haijatumika, taja kanuni kwa namba yake, na uwape akaunti ya benki ya kulipia.