Mmoja Anataka Vita, Mwingine Anataka Maongezi

SWALI: Mhariri, mimi ni msimamizi wa kikundi cha watu watano tunaocheza mchezo wa kuigiza wahusika mezani: kila mchezaji husema mhusika wake anafanya nini, nami msimamizi huwaigiza wahusika wengine wote. Katika kikao kilichopita, mchezaji mmoja alimbembeleza mlinzi wa lango kwa dakika 40, huku mwenzake akipanga dadu zake moja juu ya nyingine mpaka zikaporomoka. Huyo wa dadu alipochoka, alitangaza kwamba mhusika wake amemchoma mlinzi mkuki. Sasa wawili hao hawasemeshani. Je, nikivunje kikundi?
Msimamizi Aliyechoka

JIBU: Ndugu msimamizi, usikivunje. Mvutano huo ni wa tangu asili, kwa kuwa Dungeons & Dragons, mchezo uliofungulia njia michezo ya aina hii mwaka 1974, ulichipuka kutoka katika michezo ya vita ya mezani; kila mchezaji alipopewa mhusika mmoja badala ya jeshi, mpenda mapigano na mpenda kuigiza walijikuta wameketi meza moja.

Kwa maoni yangu, mwenye mkuki hakuchukia maongezi, alichukia kukaa bure. Ungemwuliza mapema anafanya nini wakati mwenzake anazungumza, huenda angeparamia ukuta kwa nyuma. Hapo ungemwacha mzungumzaji aseme neno lake, kisha, kabla mlinzi hajajibu, ungehamia ukutani na kumwagiza mpandaji arushe dadu yenye pande 20 ili ijulikane kama amefaulu. Akiteleza, kishindo kinamshtua mlinzi, na mzungumzaji analazimika kubuni uongo papo hapo. Dakika tano kwa kila upande zinatosha, na hata hizo ni nyingi ikiwa meza imepoa.

Kabla ya kikao kijacho, zungumza na kila mmoja peke yake. Usimwulize anapenda nini, maana watu hulijibu swali hilo kwa adabu tu. Mwulize ni tukio gani la vikao vilivyopita ambalo bado analisimulia. (Mchezaji mkimya usimsumbue sana, kwani wapo wanaofurahia kutazama.) Kubalianeni pia kwamba shambulio litakalokatiza mazungumzo ya mwingine litangazwe kwanza, na lisitekelezwe kabla mwenye mazungumzo hajaridhia.

Jambo moja nakukataza: usimwadhibu mwenye mkuki kwa kumtumia mhusika wake kikosi cha askari, kwani ugomvi wa wachezaji hausuluhishwi na wahusika. Wote wawili wakikubali, mlinzi na apone jeraha lake. Atakuwa na mengi ya kumweleza mzungumzaji, na ndugu zake wenye kisasi watampatia mwenye mkuki kazi ya kutosha.