Maswali ya Wasomaji: Mbayuwayu Juu ya Boriti na Picha za Makinda

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Tanga na sasa ninaishi Yorkshire, Uingereza, ninakohudumia farasi kwenye banda moja la zamani. Kila Aprili mbayuwayu wawili huingia humo na kukarabati kiota kilekile cha udongo kilicho juu ya boriti. Mwaka huu ningependa kuwapiga picha makinda wao kila siku, tangu wanapoanguliwa hadi wanaporuka. Nina kamera yenye lenzi ya milimita 300, na ngazi ipo. Je, nisogee karibu kiasi gani, na je, nitumie flashi?

Jibu: Ngazi irudishe ulikoitoa, ndugu msomaji; kwa lenzi uliyo nayo hutaihitaji. Kuhusu umbali, nisingependa kukutajia idadi ya mita, kwa sababu mbayuwayu aliyezoea kukuona ukibeba ndoo ya maji kila asubuhi atakuvumilia wewe kwa namna ambayo hatamvumilia mgeni wako, na atakuvumilia ukipita kuliko ukisimama na kumkazia macho. Ndege mwenyewe ndiye apime. Siku moja kabla ya kuleta kamera, keti kwenye robota la nyasi kavu pembeni mwa banda, mikono mitupu, uhesabu dakika zinazopita kati ya mlo mmoja na mwingine. Hali ya hewa ikiwa nzuri na wadudu wakiwa wengi, mzazi mmoja au mwingine hurudi kila baada ya dakika chache. Siku inayofuata keti papo hapo na kamera yako. Ukiona nafasi kati ya mlo na mlo inarefuka, au mzazi anaingia na donge la wadudu mdomoni, anageuka mlangoni kwa mlio mkali na kutoka bila kulisha, basi umekaribia mno, na unapaswa kurudi nyuma hadi aingie bila kusita.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni maneno "kila siku". Mbayuwayu hutaga kwa kawaida mayai manne au matano, yai moja kwa siku. Mayai huatamiwa kwa takriban wiki mbili, na makinda hukaa kiotani kwa karibu wiki tatu. Katika wiki hizo tatu, siku za mwanzo na siku za mwisho ndizo mbaya kwa mpiga picha. Mwanzoni makinda huwa karibu uchi, macho yamefumba, na joto lao hutegemea mwili wa mama. Ukimzuia mama asirudi kuwafunika, baridi ya asubuhi ya Mei kule kwenu inatosha kuwaua hata kama tumbo limeshiba. Mwishoni hatari ni ya namna nyingine: kinda ambaye manyoya yameshamea lakini mabawa hayajakomaa, akishtushwa, hujitupa nje ya kiota, na wenzake humfuata. Aliyekwisha kuruka namna hiyo, hata ukimrudisha, mara nyingi hujitupa tena. Piga picha zako katika siku za katikati, na kwa muda mfupi.

Utajuaje umri wao bila kupanda juu? Tazama sakafuni. Nusu za maganda meupe yenye madoadoa ya rangi ya kutu ni dalili kwamba wameanguliwa. Baada ya hapo, chini ya boriti hubaki safi kwa siku kadhaa, kwa kuwa kinyesi cha makinda wadogo hutoka kimefungwa katika kifuko cheupe, nao wazazi hukichukua kwa mdomo na kwenda kukitupa mbali. Wakikua kidogo, makinda hugeuka wenyewe, huelekeza mkia nje ya ukingo wa kiota na kujisaidia hewani. Siku utakapokuta rundo jipya chini ya boriti, weka kipande cha ubao kwa ajili ya usafi wa farasi wako, kisha anza kupunguza ziara zako.

Flashi usitumie. Katika banda lenye kiza ni kishindo kinachorudiwa kila ndege anapotua, na picha yenyewe hutoka bapa, yenye kivuli kikali ukutani. Lango likiwa wazi litakupa nuru ya kutosha, mradi ukubali ISO (kiwango cha kamera kuhisi nuru) ya 3200 au zaidi na chembechembe kidogo kwenye picha. Funga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, elekeza fokasi kwenye ukingo wa kiota, uizime ile ya kujiendesha, kisha ufyatue kwa waya au kwa simu ukiwa umekaa kando. Mzazi hutua kwa sekunde moja au mbili tu; kasi ya kufyatua ya 1/500 ya sekunde itatuliza kichwa chake na midomo ya njano iliyopanuka mbele yake. Kumgandisha akipita langoni kunataka 1/2000, na hata hapo utafuta picha nyingi.

Hata hivyo, kama ningekuwa mimi, ningehifadhi nguvu zangu kwa juma linalofuata. Makinda wakishatoka hupangana kwenye waya au kwenye uzio, mikia yao mifupi bila zile nyuzi ndefu za wazazi, koo zao zikiwa na wekundu uliofifia, na kwa siku kadhaa huendelea kulishwa hapo nje. Mzazi hufika akipiga mabawa mbele yao bila kutua, midomo minne hufunguka kwa pamoja, na yote hufanyika kwenye mwanga wa jua, huku wewe ukiwa umbali usiomsumbua yeyote. Usiku huenda wakarejea kulala kiotani, kwa hiyo usifunge dirisha wanalopitia.

Kwa upande wa sheria, Uingereza ina Sheria ya Wanyamapori na Mashambani ya mwaka 1981, inayokataza kuharibu kwa makusudi kiota cha ndege wa porini kinachojengwa au kinachotumika. Kwa ndege wengine, kama mdiria na bundi wa ghalani, hata kuwasumbua tu karibu na kiota ni kosa, na anayetaka kuwapiga picha hapo kwa namna inayoweza kuwasumbua sharti awe na kibali. Mbayuwayu hayumo katika orodha hiyo. Na kwa kuwa umetoka kwetu, huenda ukapenda kujua kwamba mbayuwayu aliyevishwa pete ya utambulisho mguuni huko Staffordshire, Uingereza, mwezi Mei 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Hadi hapo watu walikuwa wakibuni tu wanakokwenda ndege hawa wakati wa baridi. Wengine kutoka Ulaya na Asia hupitisha miezi hiyo katika anga ya Afrika Mashariki.

Swali: Niko Minneapolis, Marekani. Mwanangu ameokota kinda la robini kwenye majani mbele ya nyumba. Lina manyoya na kifua chenye madoa, lakini haliwezi kuruka. Tumeliweka kwenye boksi. Jirani anasema mama yake hatalipokea tena kwa kuwa limeshikwa na mtu. Je, ni kweli?

Jibu: Si kweli, dada, ndege hawawatupi watoto wao kwa sababu ya harufu ya mkono wa mtu. Kinda mwenye manyoya na madoa kifuani ametoka kiotani kwa wakati wake, kwani robini wa Marekani hutoka akiwa na umri wa takriban siku 13, kabla hajajua kuruka vizuri, na wazazi huendelea kumlisha chini. Mrudisheni leo hii, chini ya kichaka kilicho karibu na pale alipookotwa, na paka wa nyumbani afungiwe ndani. Angekuwa uchi, mngemrudisha kiotani kwa mkono. Kumfuga hairuhusiwi, kwa kuwa ndege huyu analindwa na sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918. Mwanao akitaka picha, apige kupitia dirishani.

Swali: Huku Morogoro hatuna majira ya machipuko. Mnana wamejaza viota kwenye mnazi wetu. Nitawapigaje picha makinda, ilhali kiota kimefunikwa pande zote?

Jibu: Makinda walio ndani hutawapata, na naomba usijaribu kwa kutoboa kiota wala kukata makuti. Nasema hivi nikijua uchungu wake: zamani nilikata matawi mawili yaliyoziba kiota cha shore, nikapata picha nzuri asubuhi, na jioni kunguru walikuwa wamekwisha kufanya kazi yao.

Kwa mnana, mvua ndiyo machipuko, kwa kuwa huleta majani mabichi ya kufumia na viwavi vya kulisha. Mpige picha dume akining'inia kichwa chini mlangoni mwa kiota na kupepesa mabawa ili jike aje akague. Kiota kisichopata jike, kikishakauka na kupoteza ukijani, hukifumua mwenyewe na kuanza kingine. Jike akianza kuingia na viwavi mdomoni, jua kwamba makinda wapo, na baada ya siku chache wataanza kuchungulia mlangoni. Watazame kwa makini: iwapo mmoja ana mdomo mwekundu na halii kama wenzake, huenda ni mtoto wa kekeo, ambaye mama yake hutaga katika viota vya mnana na kuwaachia malezi. Ukimpata huyo, tutumie picha pamoja na tarehe.