Daftari na kikokotoo kwenye jaribio la kemia mtandaoni

Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kufungua daftari wakati wa jaribio la kemia mtandaoni. Soma maelekezo ya kozi kwanza. Wahadhiri wengi huruhusu kikokotoo na jedwali la elementi, lakini daftari ni suala la kila mhadhiri. Kama hakuandika, muulize kwa maandishi kabla ya siku yenyewe, na jibu lake ulitunze. Usikisie. Kuwasiliana na mwenzako kwenye simu mkiwa ndani ya jaribio ni udanganyifu, hata mkiulizana swali moja tu.

Kinachowaumiza wengi ni namna ya kuandika majibu. Tuseme umeulizwa kuna moli ngapi (moli ni kizio cha kiasi cha dutu) katika mililita 25.0 za asidi yenye moli 0.100 kwa lita. Jibu ni moli 0.00250, na ile sifuri ya mwisho ina maana: vipimo vyako vina tarakimu tatu za maana, yaani tarakimu zinazoonyesha kipimo kilichukuliwa kwa umakini kiasi gani. Ukiandika 0.0025, mfumo unaokagua tarakimu hizo unaweza kukunyima alama ingawa hesabu yako ni sahihi. Pia angalia kama wanataka namba tupu au namba na kizio chake.

Fanya hesabu kwenye karatasi na usiitupe, ndiyo ushahidi wako ukitaka jibu liangaliwe upya. Intaneti ikikatika, piga picha ya skrini inayoonyesha saa, kisha mwandikie mhadhiri papo hapo. Ukisubiri hadi kesho yake, maelezo yako yatakuwa magumu kuaminika.