Nyumba kuukuu ya bei nafuu Mwanza: ikague hivi kabla ya kulipa

Ndugu muulizaji, nimekuelewa: umeoneshwa nyumba kuukuu mjini Mwanza, chini ya majabali, bei yake ni nafuu, na unahofia kwamba ukarabati utakumaliza.

Usiikague wakati wa kiangazi peke yake. Mimi nilinunua ya namna hiyo mwezi Agosti, kuta zikiwa kavu. Mvua za Novemba zilipoanza, maji yaliyoteremka kwenye mawe yaliingilia nyuma ya jiko, na plasta ya saruji ambayo muuzaji alikuwa ameipiga juzijuzi ikabanduka vipande vipana kama chapati, ukuta wa mawe na udongo ukiwa umelowa chepechepe ndani. Kwa hiyo gongagonga plasta (panapolia kama debe tupu pameachana na ukuta), kisha panda darini pamoja na seremala na mzichome kenchi (mbao zinazobeba paa) kwa bisibisi, kwani mbao iliyoliwa na mchwa huonekana nzima kwa nje. Ufa unaoingiza kidole ni wa kuoneshwa mhandisi. Rangi na vioo visikushughulishe.

Kuhusu karatasi, fanya upekuzi rasmi wa hati katika ofisi ya ardhi, na kama muuzaji ana mwenzi, udai ridhaa yake kwa maandishi, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamlinda. Ikiwa ni nyumba ya urithi, mwone wakili kabla ya kutoa hata shilingi moja. Na kama iko kando ya ziwa, pima umbali: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.