Bibi aliyenirudisha kwenye mchoro

Kituo cha kwanza cha afya nilichochora kilikuwa na ukumbi mzuri sana wa kusubiri. Kwenye karatasi, lakini. Miezi michache baada ya kufunguliwa nilipita kukitazama, nikakuta mabenchi matupu na wagonjwa wamejipanga nje, wamefuata kivuli cha ukuta. Nikamuuliza bibi mmoja aliyempakata mjukuu kwa nini hakai ndani. Akanitazama kama mtu asiyejua kitu: "Humo kila mtu anakohoa, mwanangu."

Baadaye nikasoma habari za hospitali ya Butaro, Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011. Pale waliogopa kifua kikuu tangu siku ya kuchora. Watu hupita na kusubiri barazani badala ya kwenye korido za ndani. Wodini madirisha ni makubwa, na feni pana huzunguka polepole zikipandisha hewa hadi kwenye taa za kuua vijidudu. Bibi yule angeweza kuniambia nusu ya hayo bure, kama ningemuuliza mapema.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi hii, kabla ya kushika penseli nenda ukae kiwanjani kutwa nzima. Usihoji sana, watu humjibu mgeni kwa adabu tu. Tazama wanakaa wapi jua likihama, na nani anabeba maji.

Uliza pia jengo likivuja nani atapanda kuziba. Shule ya Gando, Burkina Faso, iliyochorwa na msanifu majengo Francis Kéré na kukamilika mwaka 2001, ilijengwa na wanakijiji kwa matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, na bati likainuliwa juu ya dari ili joto lipate pa kutokea. Aliyefyatua tofali hashindwi kulibadilisha.

Na usisahau umaskini wa mtumiaji. Wakimbizi wa Rwanda walipopewa nguzo za alumini za mahema, wengine waliziuza, wakaendelea kukata miti ya kusimamishia mahema. Mimi siwalaumu. Shigeru Ban, msanifu majengo wa Japani, akaja na mirija ya karatasi ngumu badala ya nguzo hizo, kitu ambacho hakina mnunuzi.

Kituo changu tulikuja kukiongezea baraza. Pesa zilitosha paa tu, hivyo mabenchi yakatolewa ukumbini. Ule ukumbi mzuri sasa ni stoo.